Mafundo ya Mbwana Shaibu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya nyaraka nilipewa brashi ya kupakia sabuni ya kunyolea ndevu. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Ustadh Idris, Msudani aliyekuwa mkuu wa idara ya matengenezo, aliniketisha mbele ya rundo la barua za mfanyabiashara wa ngozi, akanionyesha jinsi ya kusukuma vumbi kutoka katikati ya karatasi kwenda nje, polepole, bila kurudi nyuma. Hakuna brashi laini kuliko hiyo madukani, alisema, na karatasi kuukuu ina ngozi kama ya uso wa mzee. Nilifanya hivyo hadi adhuhuri. Alipokuja kutazama aliinua karatasi moja, akaipeleka dirishani, akairudisha mezani bila kusema neno. Ilinichukua muda kujua kwamba kwake yeye hiyo ndiyo sifa.

Hapo ni Riyadh. Kabla yake nilikuwa karani wa maghala katika Bandari ya Jeddah, nikilinganisha hati za shehena na makontena juani. Kafili wangu wa bandarini, yaani mwajiri aliyenidhamini nchini, alikuwa na jamaa katika nyumba moja ya nyaraka, mali ya watu binafsi, ambayo hapa nitaiita Nyumba tu. Walikuwa wamepata makaratasi ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu na hawakuwa na mtu wa kuyasoma. Mimi bibi yangu, kwetu pwani ya Kenya, alinifundisha khati hizo kabla sijaingia shule, na tangu hapo sikuwahi kuona faida yake. Kafili akakubali kuniachia, ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikahamishwa, nikapanda basi la Riyadh nikiwa na begi moja na koti nililoazima kwa sababu niliambiwa kule kuna baridi. Kweli ilikuwepo.

Ninyi mnaoingia katika kazi hii sasa mnakuta mashine za kupiga picha na kompyuta kila meza. Sisi tulianza na mikono. Mkusanyo, yaani makaratasi yote ya mtu mmoja au familia moja, ulipofika, ulikaa kwanza katika chumba cha baridi ili wadudu wafe. Kisha ulikuja mezani kwetu. Sheria ya kwanza aliyonifundisha Ustadh Idris ni mpangilio wa asili: namna mwenyewe alivyoyapanga makaratasi yake ndivyo unavyoyaacha, hata kama unaona ni vurugu, kwa sababu vurugu ile ni akili yake. Sheria ya pili ilikuwa kuvua. Pini, vibanio, utepe wa gundi, kamba, mipira ya kufungia, vyote vinatolewa. Chuma kinashika kutu na kutu inakula karatasi; kamba inakata kingo; rangi ya nguo inachuja na kutia madoa. "Karatasi inaingia sandukuni uchi," alikuwa akisema, na wote katika idara tukaliita tendo hilo kuvua. Ukiulizwa umefika wapi, unajibu, nimevua nusu.

Kulikuwa na sheria ya tatu, ambayo aliisema kwa sauti ileile na mimi niliisikia vizuri: kabla ya kuvua chochote, piga picha, na kama hakuna kamera, andika ulichokitoa kilikuwaje na kilikuwa wapi.

Mkuu wa Nyumba tulimwita Mudiri. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye manukato ya udi yaliyofika kabla yake, na alipenda kupita idarani bila taarifa akiwa na wageni. Hakuwa mtu mbaya. Alinisaidia mara mbili kwenye mambo ya ikama wakati wengine walikuwa wakizungushwa, na mama yangu alipofariki alinipa tikiti ya kwenda kuzika. Lakini alikuwa na ulimi, na wageni walipokuwepo ulimi huo ulitafuta mtu wa kuchezea.

Mtu wangu wa karibu pale alikuwa Wafula, dereva wa Nyumba, Mkenya mwenzangu wa Bungoma. Ndiye aliyebeba masanduku kutoka uwanja wa ndege na kutoka Jeddah. Alinitania kwamba nimevuka bahari nije kusoma barua za wafu, na walio hai nyumbani siwajibu. Nilimwambia walio hai wanaandika kuomba simu mpya, wafu hawaombi kitu. Akacheka, akaniita Mzee wa Makaburi, na jina likanikaa.

Ni Wafula aliyeleta sanduku la Mbwana Shaibu.

Inabidi niwaeleze mtu huyu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mashamba ya nyuma ya pwani yetu, watu wengi walilima ardhi isiyokuwa yao. Wengine walikuwa watoto wa watumwa walioachwa huru, wengine walikuwa wametoka bara kutafuta pa kulima. Wenye mashamba, na serikali nyuma yao, waliwataka wapande pamba. Mbwana Shaibu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na hakuwa na shamba hata la mihogo. Alizunguka kijiji hadi kijiji akiwaambia wakulima wakatae, wapande chakula, wakae pamoja, na atakayefukuzwa apokelewe na kijiji cha pili. Msimu ule pamba haikupandwa. Kilichofuata kila mtu wa kwetu anakijua: walifukuzwa wengi kwa pamoja hata hapakuwa na kijiji cha kuwapokea, vibanda vikachomwa, na njaa ikaingia. Mbwana alipanda jahazi la mahujaji akaenda Makka na hakurudi. Aliishi Jeddah, mtaa wa Ruwais, akifundisha watoto Kurani, akaoa huko, akafa huko.

Kuna watu wanaomwita baba wa wakulima. Na kuna watu, wengi zaidi, wanaosema aliwalazimisha wale wasiojua kusoma kwa viapo na vitisho, akawaponza, akawakimbia. Bibi yangu alikuwa upande wa pili. Ndugu zake wawili walikufa katika njaa ile wakiwa watoto. Jina la Mbwana Shaibu lilipotajwa nyumbani kwetu aligeuza uso na kutema mate. Kwa hiyo sanduku lilipofika mezani kwangu nilikuwa nimeshamhukumu mwenyewe zamani.

Lilikuwa sanduku la mbao la Kizanzibari, limekatika bawaba. Mjukuu wake alilitoa kwa Nyumba walipohamia nyumba nyingine mtaa uleule wa Ruwais. Nilipofungua kifuniko niliona mafurushi ya karatasi, na kila furushi limefungwa kwa kipande cha nguo kilichochanika: kaniki, merikani iliyogeuka rangi ya chai, kanga zilizofifia, kipande cha shuka la mistari. Vilinuka moshi na jasho la zamani. Kwenye meza ya jirani yangu, Mmisri, kulikuwa na mkusanyo wa familia moja kubwa ya Hijazi, majalada ya ngozi yenye nakshi ya dhahabu. Niliyatazama yale, nikatazama ya kwangu.

Wakati huohuo ukaingia udi, kisha Mudiri, kisha wageni watatu waliovaa mishlahi, majoho ya wakubwa. Akasimama kwenye meza ya Mmisri akasifu sana. Akaja kwangu. Akachungulia sandukuni, akaokota kipande kimoja cha kaniki kwa ncha za vidole.

"Ya Kini," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, Mkenya, "hizi ni nyaraka au matambara ya kudekia?"

Wageni walicheka. Mmisri alicheka. Nami nilicheka, tena nilicheka kwa sauti kuliko wao, na bado nasikia kicheko changu. Mudiri akaongeza kwamba angependa kuuona mkusanyo huo ukiwa umekaa vizuri atakapopita tena baada ya sala, kwa sababu wageni watataka kuuona.

Nilijisikia aibu ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hajafanya kazi ugenini. Ilikuwa kana kwamba wameingia jikoni kwa mama yangu wakakuta sufuria hazijaoshwa. Wale wazee wa mashambani walikuwa wangu, harufu ile niliijua, na nilitaka iondoke mbele ya watu. Ustadh Idris alikuwa ameitwa ghorofa ya chini. Kamera ilikuwa kwa Mmisri. Ningeweza kumwomba. Nilichukua mkasi nikaanza kuvua.

Nilikata vyote. Niliweka karatasi ndani ya majalada meupe, furushi kwa furushi, bila kuvuruga mpangilio, kama nilivyofundishwa. Nilitia namba kwa penseli kila pembe. Vile vitambaa vilienda kwenye mfuko mweusi wa taka, na mfanyakazi wa usafi akaupitia mfuko kama kila siku. Sikuandika lolote. Mudiri aliporudi na wageni wake alikuta masanduku mapya ya kijivu, yamepangwa mstari, kila moja na kibandiko. Alinipiga bega. Ustadh Idris alipopanda alitazama kazi, akainua jalada moja, akalipeleka dirishani kama kawaida yake. Kisha akauliza yalikuwa yamefungwa na nini. Nikamwambia matambara tu. Akauliza kama nimeandika. Nikasema hayakuwa na maana. Akasema halas, basi, akaenda kwenye meza yake.

Niliyasoma makaratasi yale kwa miezi mingi. Yalikuwa masomo ya chuo, hesabu za mirathi aliyowasaidia watu kugawa, rasimu za hotuba, na katika kila furushi karatasi moja yenye jina la kijiji juu na maneno machache tu: kwamba watu wa hapa wamesikia na wamesema neno lao. Hakuna saini. Hakuna alama ya kidole. Niliona hilo, na kwa akili ya mtu anayependa ushahidi nikaandika katika maelezo ya mkusanyo, yale maandishi yanayokaa mbele ya sanduku kumwongoza msomaji, kwamba hakuna dalili ya ridhaa ya wakulima. Niliandika kwa lugha safi. Mudiri aliisifu sentensi hiyo hasa, na kwa kazi ile nilipandishwa cheo, nikawa msimamizi wa makaratasi ya Afrika Mashariki, nikahamishiwa tawi la Jeddah.

Jeddah nilikaa miaka mizuri. Tawi lilikuwa Al-Safa, nyumba ya ghorofa mbili iliyozungukwa na nyumba za watu wenye nafasi, na asubuhi njiani nilisalimiana kwa Kiswahili na akina dada wa Kikenya waliokuwa wakisukuma mikokoteni ya watoto wa madam zao. Wafula naye alihamishwa. Nilikuwa na chumba changu cha kusomea, meza nne, na wasomi waliokuja kutoka mbali. Wengi walikuja kwa Mbwana Shaibu. Walisoma maelezo yangu, wakanukuu maelezo yangu, wakaandika vitabu. Kila kitabu kilichotoka kilisema hakuna dalili ya ridhaa, na chini yake, kwa herufi ndogo, ulikuta marejeo ya sanduku nililopanga mimi.

Nilipokaribia kustaafu, Mudiri aliamua tawi la Jeddah lifanye maonyesho ya mikusanyo yake. Mbwana Shaibu alipewa kabati la kioo peke yake. Maneno ya ukutani yaliletwa kutoka Riyadh, na sehemu iliyomhusu ilitoka kwangu karibu neno kwa neno, ila walikuwa wameikoleza: aliwashurutisha wakulima wasiojua kusoma, kisha akawaacha. Ilionekana vyema kumwalika mtu wa familia siku ya kufungua. Mjukuu alikuwa safarini. Tukaambiwa yuko binti wa Mbwana mwenyewe, mkongwe, yuko hai Ruwais. Nikamtuma Wafula akamlete siku moja kabla, aone kwa utulivu.

Wafula aliporudi alitangulia kuingia, akaniinamia sikioni. Alisema, "Mzee, huyu mama njia nzima ananiuliza kama nimeshaviona vitambaa. Mimi nimemwambia aulize wewe."

Bi Zuhura alikuwa mwembamba, amevaa abaya iliyopauka mikononi, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha mtu aliyejifunzia kwa baba mmoja tu na hakupata wa kuzungumza naye tangu hapo. Nilimwamkia shikamoo. Alistuka, akatabasamu, akaitikia marahaba taratibu kama mtu anayeonja kitu alichokisahau. Nilimwekea kiti mbele ya kabati. Alitazama karatasi zilizolala chini ya taa, nyeupe na safi, kila moja na namba yake.

"Vitambaa mmeviweka wapi?" akauliza.

Nilijaribu kumweleza kuhusu kutu, kuhusu rangi inayochuja. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akanieleza kilichokuwa ndani ya sanduku lile.

Wale watu hawakujua kuandika, na wino hawakuuamini, kwa sababu walikuwa wameshawekewa alama za vidole kwenye karatasi za wenye mashamba na karatasi hizo zikawafunga. Kwa hiyo baba yake alipofika kijiji aliwasomea alichokiandika, akaiacha karatasi katikati, akaondoka akaenda kulala kijiji kingine. Wakishazungumza wakakataa, waliirudisha vilevile. Wakikubali, mtu waliyemchagua alichana kipande cha nguo aliyoivaa na kuifunga karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Fundo ndilo neno lao. Mbwana hakuwahi kufungua hata moja. Alipotaka kusoma aliichomoa karatasi ubavuni, akairudisha ubavuni, na karatasi zake nyingine za kijiji hicho alizichomeka hapohapo. Ijumaa, baada ya sala, alimkalisha binti yake kwenye mkeka akampitisha mafurushi: hawa walichana kaniki, walikuwa wanawake peke yao, waume wamepelekwa kazi za bandarini, hawa walichana shuka, hawa walileta nguo mpya wakasema ya zamani ni ya kumdharau.

Nilikuwa nimesimama. Nilivuta kiti nikakaa.

Alisema katika Ruwais, miongoni mwa familia zenye asili ya pwani yetu, waliitwa watoto wa aliyewalaza watu njaa. Alipokuwa msichana posa mbili zilirudishwa kwa neno hilo. Hakuwajibu watu. Baba yake alimwambia, siku wakitaka kujua, waonyeshe mafundo. Mwanawe alipolitoa sanduku alilia, kisha akajituliza, akasema afadhali, huko ndiko kuna watu waliosoma, watayaona.

"Sasa nimekuja," alisema. "Nionyeshe."

Sijui kama nyinyi mmewahi kuulizwa kitu na mtu aliyekingojea maisha yake yote, na mkawa mnajua jibu. Nilimwambia vilitupwa. Nilimwambia ni mimi niliyevikata. Sikumtaja Mudiri wala kicheko cha wageni, kwa sababu nilipoanza kukitaja nilisikia ninavyojitetea, nikanyamaza.

Hakulia. Aliuliza vilikuwa vya rangi gani kwenye furushi la kijiji fulani, akalitaja jina lake. Nikasema sikumbuki. Akataja kingine. Sikumbuki. Akataja cha tatu, na mimi, ambaye ningeweza kumwambia karatasi ipi ina tundu la mchwa na mstari upi umefutika, sikuwa na la kumwambia. Nilikumbuka rangi, nyingi, lakini sikujua ipi ilikuwa ya nani. Mpangilio wa karatasi niliulinda wote. Wa vitambaa niliutia kwenye mfuko wa taka.

Wafula alikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi. Aliinamisha kichwa akatoka nje.

Bi Zuhura alirudisha macho kwenye kabati. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: nilipovikata, mafundo yalikuwaje.

Hilo nililijua. Vidole vilikuwa vinalikumbuka hata kama macho yalikuwa yamesahau. "Yalikuwa yamekaza, Mama," nilimwambia. "Kama jiwe. Nilijaribu kufungua la kwanza kwa kucha nikashindwa, ndiyo maana nikachukua mkasi. Hapakuwa na hata moja lililolegea."

"Hakuna aliyeyafungua kabla yako."

"Hakuna."

"Basi andika hivyo," alisema. "Na uandike ni wewe."

Nikamuuliza kama atanisamehe. Ninaona aibu hata kwa kuuliza, maana alikuwa amechoka na mimi nilikuwa namwongezea mzigo. Alijibu kwamba yeye alikuja kwa ajili ya baba yake, na mambo yangu niyapeleke kwa Mungu. Akaomba maji. Alikunywa kidogo, akamwita Wafula amrudishe Ruwais. Siku ya kufungua maonyesho hakuja.

Jioni ileile nilimpigia Mudiri simu Riyadh, nikamweleza yote, nikaomba maneno ya ukutani yaondolewe kabla ya wageni kuingia. Alisikiliza. Aliuliza kama kuna ushahidi zaidi ya maneno ya bibi kizee na vidole vyangu. Nikasema mafi, hakuna. Akasema kwa upole kwamba kitambaa ni kitambaa, kwamba kila nyumba ya nyaraka duniani inavua, kwamba nimebakiza mwezi nistaafu na wameshaagiza ngao ya kunishukuru. Niende nikapumzike.

Nilimwambia nitayaandika katika maelezo ya mkusanyo hata kama ukuta utabaki ulivyo. Hapo sauti yake ilibadilika, akawa Mudiri wa kazini. "Andika," alisema. "Lakini liwe jina lako. Nyumba usiitie."

Ilikuwa haki, nadhani. Niliandika usiku huo na nilirudia mara nyingi, kwa sababu kila mara sentensi ilitaka kunionea huruma. Mwishowe ilibaki hivi: kwamba kila furushi lilifika likiwa limefungwa kwa kipande cha nguo, kwamba kwa maelezo ya binti wa mwenye mkusanyo, fundo lilikuwa ridhaa ya kijiji, kwamba mafundo yalikuwa yamekaza na hayakuwahi kufunguliwa, kwamba yalikatwa na kutupwa na mhifadhi, bila picha wala maandishi, na kwamba kauli ya awali ya mhifadhi huyo, kuwa hakuna dalili ya ridhaa, isitegemewe. Nikaweka jina langu. Neno "aliwashurutisha" lilitolewa ukutani asubuhi, sijui kwa amri ya nani. Nafasi yake ilibandikwa karatasi iliyosema jambo hili linabishaniwa. Ngao nilipewa. Ina maneno ya dhahabu kuhusu uangalifu. Iko kabatini, nyuma ya vikombe.

Sasa niko nyumbani. Watu waliniambia mtu akistaafu hupumzika, na kwa mwezi mmoja nililala mchana. Kisha nikaanza kwenda kwenye vijiji ambavyo majina yake niliyajua kwa penseli tu. Vingine vimekuwa mitaa ya mji, vingine vimebaki minazi na viwanja vya watu wasiojulikana. Kwa kila kimoja niliulizia wazee, nikakaa nao, nikawaeleza kwamba babu zao hawakuburutwa. Walisomewa, wakaachwa peke yao wazungumze, wakakubali, wakafunga. Walipokosea, walikosea wenyewe kama watu wazima, na waliposhupaa, walishupaa wenyewe. Nilidhani ningewaletea kitu cha kufurahia.

Wengine hawakujali. Mmoja alidhani nagombea udiwani. Lakini katika kijiji kimoja, kile cha wanawake peke yao kwa maelezo ya Bi Zuhura, mama mmoja wa makamo aitwaye Mwanajuma alinikaribisha barazani akanisikiliza huku akimenya viazi. Nilipofika kwenye vitambaa aliacha kumenya. Alisema bibi mzaa bibi yake ndiye aliyekuwa akisemea watu pale. Wanalijua hilo, ila alichokisema hawakijui. Akataka kujua cha kwao kiko wapi, maana yuko tayari kupanda ndege hata kwa mkopo akakione.

Nikamwambia. Mkasi, mfuko mweusi, yote.

Aliangalia kisu mkononi mwake, kisha akaniangalia mimi, bila hasira. "Kwa hiyo, baba, ulikwenda mpaka Uarabuni," alisema, "ukalipwa mshahara, kazi yenyewe kutupa nguo ya bibi yetu."

Ndani mtu alicheka, msichana nadhani, kisha akajizuia. Mwanajuma aliingia ndani akatoka na chai, akaiweka mbele yangu, akaketi tena na viazi vyake. Akaniambia nimweleze upya habari za lile fundo, lilivyokaza. Nikamweleza, na safari hii hakunikatiza.